Nilivyopata kivuko cha zebra mbele ya shule hapa Bristol, maharage mfukoni na diwani wa Chama cha Kijani

Naandika hii kwa sababu nimechoka na magrupu yetu ya wasap huku Uingereza, watu wanaambiana kila siku "sisi wageni, mambo ya madiwani hayatuhusu". Mi nilimeza ushauri huo miaka mitatu mizima, nalipa kodi ya halmashauri kila mwezi na mdomo nimeufunga. Kumbe Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mrwanda, yaani yeyote wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi hapa, anajiandikisha na anapiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge. Mei 2024 nilienda kituoni na pasi yangu ya Tanzania, maana siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha na pasi ya nchi ya Madola inakubalika, nikapiga kura nikarudi kazini. Uchaguzi ule ndo Chama cha Kijani walichukua viti 34 kati ya 70 vya baraza la jiji, wakawa wengi kuliko chama chochote ila nusu hawajafika, na cheo cha meya wa kuchaguliwa na wananchi kikafa wakati huohuo, wananchi walikikataa kwa kura ya maoni ya 2022. Sasa jiji linaendeshwa kwa kamati. Hilo la kamati lishike, nitalirudia.

Shida yangu ilikuwa barabara ya mbele ya shule ya wanangu. Mwendo ni maili 20 kwa saa, kibao kipo, lakini asubuhi magari yanakata pale kukwepa foleni na watoto wanavuka kati ya magari yaliyopaki, dereva hamwoni mtoto mpaka yuko mbele ya boneti. Siku moja kioo cha gari kiligusa begi la mwanangu wa pili. Begi tu, Mungu mkubwa, lakini usiku ule sikulala.

Nikaanza vibaya. Kuna kaka mmoja aliniambia andikia wote, wakiwa wengi wataogopa. Nikakaa usiku mbili nachomoa anwani za madiwani wote 70, nikaandika barua ndefu kurasa tatu, begi, foleni, uchungu wangu wote humo, nikatuma. Majibu yaliyokuja karibu yote yalisema kitu kimoja kwa adabu: wewe unakaa kata gani, tafadhali wasiliana na madiwani wa kata yako. Ndo utaratibu wao, diwani haingilii kesi ya kata ya mwenzake. Kwa hiyo barua 70 zilikuwa sawa na barua mbili tu, za wale wawili wangu, ambao ningewapata bila kukesha.

Mmoja wao, mama wa Kijani, aliniambia njoo sajari Jumamosi. Sajari siyo hospitali, ni diwani kukaa mara moja kwa mwezi maktaba au ukumbi wa mtaa, mnapanga foleni kila mtu na lake. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa magodoro yaliyotupwa uchochoroni, kisha dada wa ukungu ukutani, kisha bibi mmoja wa Barawa, Somalia, anayeongea Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya kwao, tukaelewana kwa taabu kidogo nikamsaidia kutafsiri. Yule diwani aliandika yote kwa mkono kwenye daftari. Baadaye nikamuuliza mwezi wake ukoje, akanionyesha simu: kesi za wananchi kila siku, kikao cha madiwani wa chama, kamati mbili, makabrasha mazito ambayo kisheria yanatolewa siku tano za kazi kabla ya kikao kwa hiyo wikiendi inaisha hapo, kugonga milango jioni, na kazi yake nyingine ya kuajiriwa iko palepale. Nilimheshimu.

Akasema begi la mwanao limenigusa dada yangu, lakini ili tuombe zebra niletee hesabu.

Sasa hapa ndo penye raha. Kuhesabu kwa kalamu Januari hapa haiwezekani, mvua inalowesha karatasi, glavu zinakuzuia. Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa anahesabu debe za mahindi kwa punje. Nikaenda duka la Stapleton Road nikanunua maharage mekundu na dengu. Mfuko wa kulia wa koti maharage, kila mtoto akivuka punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Dengu nikaweka mfuko wa suruali, hizo ni za gari lililopita wakati mtoto ameshakanyaga lami. Asubuhi 10 nimesimama pale kuanzia saa mbili na dakika ishirini mpaka saa tatu, mikono mfukoni kama mtu anayesubiri basi, hakuna aliyejua. Jioni namwaga mezani, mwanangu mkubwa anahesabu kwa mafungu ya kumikumi. Siku ya watoto wachache 118, siku ya wengi 161. Dengu hazikushuka chini ya sita hata siku moja. Afisa wa barabara alipokuja kuhesabu mwenyewe alipata 149, na diwani akaniletea habari hiyo anacheka kwa furaha.

Nikataka kwenda baraza la madiwani wote nikaseme. Tamko la mwananchi lazima lifike kabla ya saa sita mchana siku ya kazi inayotangulia kikao, mi nilikuwa zamu nikatuma saa saba kasoro, likakataliwa. Nililia kwenye basi. Diwani akaniambia hata hivyo pale siyo mahali pake, hela ya zebra inaamuliwa na kamati ya eneo, madiwani wa kata za jirani wanakaa pamoja na kugawa fungu linalotokana na ada ya wajenzi wa majengo mapya, asilimia 15 ya ada hiyo inabaki mitaani. Na akanionya: kura za wenzangu wa Kijani sikuahidi, kwetu hakuna anayelazimishwa kufuata chama. Basi nikamwandikia kila mjumbe wa kamati barua yake fupi, aya moja, na picha ya lundo la maharage na la dengu.

Siku ya kikao walinipa dakika moja. Nilikuwa nimefanya mazoezi jikoni na saa ya simu huku nasonga ugali mpaka watoto wamelikariri tamko. Nikasema namba, nikaweka dengu sita mezani, nikakaa. Walipitisha.

Ilichukua karibu mwaka mpaka rangi ikapakwa, na gharama yangu yote ni pauni ishirini hivi, nauli na maharage, ambayo tulipika. Ukianza leo tuma mapema na jua kata yako kwanza. Jumamosi hii naenda tena sajari, nampeleka yule bibi wa Barawa, basi lake limebadilishwa njia na kituo kimekuwa mbali na miguu yake.