Kuishi na punda dume uani: uzoefu wangu wa Magu

Wafugaji wengi wa punda huku kwetu Magu, kando ya Ziwa Victoria, wana majike na madume waliohasiwa, na kazi zao zinakwenda. Mimi nina dume ambaye hajahasiwa. Zizi lake liko hatua chache kutoka jikoni kwangu, na njia ya watoto wanaokwenda kuchota maji ziwani inapita kando ya uzio wake. Kila mgeni huniuliza kama simwogopi. Namwogopa, kiasi cha kutosha.

Kazi yangu ni mkokoteni. Majike wawili wanavuta maji, mchanga na tofali, na msimu wa pamba ukifunguliwa wanabeba mizigo ya wakulima hadi kituo cha kununulia. Miaka ile machinjio ya punda yalipokuwa yakifanya kazi Shinyanga na Dodoma na ngozi zikienda China, punda walianza kupotea mazizini usiku, na bei mnadani ikapanda hadi sisi watu wa mikokoteni tukawa tunatazama tu. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni habari njema, lakini punda hawazaani kama sungura: jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, pengine na zaidi, halafu anazaa mmoja. Nikaona nizalishe mwenyewe kuliko kungoja bei ishuke.

Nilimnunua kwa mzee mmoja wa upande wa mto Simiyu. Nilimpa shikamoo, tukaketi, na kabla hatujagusa habari ya bei akaniambia, "Mwanangu, huyu usimpe kitu mkononi. Pumba weka kwenye karai, wewe simama pembeni." Nimelishika neno hilo hadi leo. Dume anayelishwa mkononi huanza kukagua viganja, kisha mifuko ya nguo, na asipokuta kitu anauma. Dume ana chonge ambazo majike wengi hawana, tena akishauma haachii upesi. Nyumbani tulimpa jina la Meneja, kwa jinsi anavyosimama mlangoni asubuhi kuangalia nani amechelewa.

Zizi lilitangulia, yeye akafuata. Jirani alinishauri nimfunge mguu kwa kamba kwenye mwembe nyuma ya nyumba, mbali na wenzake, kama wanavyofanya wengi. Sikukubali. Nimewaona madume wa namna hiyo: anazunguka mti mpaka kamba inamchuna kifundo, analia usiku kucha, na siku akifunguliwa anataka kumaliza hamu zake zote kwa mara moja. Punda hataki kuwa peke yake, na dume naye ni punda. Kwa hiyo zizi la Meneja linatazamana na la majike, ila kati yao kuna mistari miwili ya nguzo za mkaratusi iliyoachana kiasi cha mtu kupita. Wanaonana na kunusana kwa mbali, lakini shingo yake haifiki upande wa pili. Mbao nimezipigilia upande wa ndani wa nguzo, kwa sababu akisukuma kwa kifua anazikandamiza kwenye nguzo. Zingekuwa nje angezing'oa na misumari yake.

Seng'enge sikuweka hata kipande, maana dume aliyekasirika hajali miiba, anapasuka kifua na bado anasukuma. Minyaa, ambayo huku ndiyo uzio wa kila boma, nimeiacha upande wa barabarani tu, asikoweza kuifikia. Utomvu wake ukiingia jichoni, la mtu au la mnyama, ni balaa. Geti lina komeo juu na mnyororo chini, kwa kuwa komeo alishajifunza kulifungua kwa midomo. Na kwenye kona moja nimeacha upenyo ambao mtu anapita kwa ubavu lakini punda hapiti. Ukiniambia nichague kitu kimoja tu katika zizi zima, nitachagua upenyo huo. Mpwa wangu, ambaye ndiye anayefagia kinyesi, ameutumia mbio mbio zaidi ya mara moja, na kila akitoka anacheka kwanza ndipo anatukana.

Sasa kamba. Hapa ndipo watu wanapoumia, si zizini. Meneja hatoki bila hatamu, hata kama ni kuvuka ua tu. Kamba yake ni ndefu kiasi kwamba akiinua miguu ya mbele naweza kurudi pembeni bila kumwachia. Haizungushwi mkononi hata kidogo. Inakunjwa mikunjo mipana na kushikwa katikati, ili akivuta ghafla ipite kiganjani isije ikakaza vidole. Nasimama begani kwake upande wa kushoto, si mbele wala si nyuma, na kiwiko changu kinaelekea shingoni mwake. Akigeuza kichwa kunitafuta bega, anajigonga mwenyewe kwenye kiwiko, na mimi sijafanya lolote. Hilo limemfundisha kuliko fimbo yoyote. Kabla geti halijafunguliwa, lazima arudi nyuma. Nasema "rudi" na kumgusa kifua kwa ncha ya fimbo, naye anarudi, anashusha kichwa, ndipo mnyororo unatoka. Siku ambayo hataki kurudi, hatutoki. Nimewahi kusimama pale mpaka chai ikapoa.

Kuhusu kupiga nina msimamo mkali kidogo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini hata kama isingekuwepo, dume anayepigwa kichwani anajifunza kuwa mkono ukiinuka kuna vita, na atawahi yeye kwanza. Punda akishtuka mara nyingi hakimbii, anaganda. Watu wanaona ukaidi, wanaongeza viboko, na hapo ndipo teke linapotoka. Meneja akiganda njiani namwacha atazame hicho anachotazama. Akipumua kwa nguvu na masikio yakacheza, tunaendelea.

Dalili zake nimeziweka kichwani kwa ngazi. Akilia kwa sauti ile ya kupasua asubuhi, hiyo ni salamu. Akiinua mdomo wa juu na kukunja pua hewani, amepata harufu ya mkojo wa jike, na kuanzia hapo masikio yake hayako kwangu. Akilaza masikio nyuma kabisa, akashusha shingo na kuinyoosha mbele huku akiiyumbisha, mtu yeyote aliye karibu apotee, hata mimi. Madume wawili wakikutana wakiwa hivyo, mmoja hupiga magoti kuuma miguu ya mwenzake, na kuwaachanisha kwa mikono ni kujitakia. Maji ya ndoo yakimwagwa kwa ghafla husaidia, kamba ndefu nayo husaidia. Mwili wako usiupeleke katikati.

Barabarani kuna jambo ambalo wanaomjua ng'ombe peke yake hawalitegemei: mavi. Punda madume huacha alama kwa kinyesi, na Meneja akikuta rundo la wengine anataka kusimama, kunusa kwa muda mrefu, na kuweka lake juu. Mwanzoni nilikuwa namvuta, tunagombana kila baada ya nguzo chache za umeme. Siku hizi sehemu mbili njiani ni zake, anasimama, ananusa, anamaliza, tunaondoka. Kwingine kote hasimami. Ameelewa mpaka huo vizuri sana, na mimi napata safari ya amani.

Ziwani simpeleki mchana. Saa za mchana pwani ya ghuba ya Speke inajaa: ng'ombe, punda wa watu, akina mama wenye ndoo, watoto wanaoogelea kati ya mawe. Dume mmoja katika msongamano ule anatosha kuharibu siku ya watu wengi. Majike ndio wanaokwenda kuvuta maji, yeye ananyweshwa kwa ndoo zizini, majike wakiwa wameshakunywa na kutulia, asije akapigania ndoo. Hii inaniongezea kazi, sikatai. Ila simwachi akae bure kutwa nzima. Asubuhi mapema, kabla njia haijachangamka, anavuta mkokoteni mdogo peke yake kupeleka tofali, kwa mkanda wa kifuani. Nira ya ng'ombe haimfai punda, hana nundu ya kuishikilia. Wala simfungi sambamba na jike, hata jike akiwa amechoka kiasi gani. Mtu mmoja alitaka kumkodi amfunge jozi na jike wake mzigo wa mchele, akaniahidi hela nzuri. Nilimpa majike wangu kwa bei ile ile.

Upande wa kupandisha ndio wenye wateja, na ndio wenye haraka zisizo na maana. Jike akiwa kwenye joto utamwona: analaza masikio, anafungua na kufunga mdomo kana kwamba anatafuna hewa, udenda unamtoka. Asipopata mimba, hali hiyo hurudi baada ya wiki tatu hadi nne hivi. Wenye majike huleta mnyama na kutaka mambo yaishe wakiwa bado wamekaa kwenye pikipiki. Dume wa punda hafanyi hivyo. Ananusa, anaondoka, anasimama mbali akitazama ukuta kama mtu asiye na shida, kisha anarudi. Ukimharakisha unapata dume mwenye hasira na jike aliyeumwa shingo. Kwangu jike analetwa kwanza upande wa pili wa nguzo mbili. Akirusha mateke kwa nia, anarudi nyumbani, aletwe kesho kutwa. Akitulia na kugeuza mgongo, ndipo tunaingia uwanjani, kila mnyama na kamba yake, na mwenye jike anasimama upande ule ule niliosimama mimi. Hilo nalirudia kwa kila mteja hata kama ananiona msumbufu. Likitokea lolote, kila mmoja anavuta kichwa cha mnyama wake kuja upande wetu, na matako yao yanageukia ng'ambo, kusiko na mtu. Tukisimama pande tofauti, kumwokoa mmoja wetu ni kumgeuzia mwenzake mateke.

Mke wa mteja mmoja aliwahi kuniuliza, "Mama, na wewe mwanamke unaweza kazi hii?" Nilimpa kamba ya jike aishike. Aliishika vizuri kuliko mumewe.

Jike wangu akikaribia kuzaa namhamishia kwenye zizi la mbali na Meneja, na anakaa huko na mwanawe. Dume anaweza kumuuma au kumkanyaga mtoto mchanga, hata akiwa wake wa kumzaa, na jike hurudi kwenye joto ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kuzaa, kwa hiyo dume anakuwa na sababu ya kuruka uzio wakati mama hana nguvu za kupigana. Kwa ajili hiyo hiyo mbuzi wangu hawalali karibu naye. Mbwa wa nyumbani wanajua wenyewe.

Watoto wa jirani walikuwa mtihani mkubwa kuliko dume. Mvulana mdogo akiona mnyama mwenye sauti kubwa nyuma ya uzio, jiwe linajiokota lenyewe. Sikugombana nao. Niliwaita, nikawasimamisha nje ya mstari wa pili wa nguzo, nikamwonyesha kila mmoja masikio yaliyosimama na masikio yaliyolala, nikamwomba mpwa wangu atikise karai ili waone shingo inavyotoka na meno yanavyogongana. Tangu hapo wao ndio walinzi; mgeni akitia mkono ndani wanampigia kelele kabla yangu. Mtu akiumwa, kidonda kinaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, na safari ni zahanati, akaangaliwe na apewe kinga ya pepopunda. Mate ya punda si dawa, ingawa kuna wazee watakwambia kinyume.

Wanaonitembelea wakiona Meneja anavyokwenda kwa utulivu hutamani kuwaacha madume wao bila kuhasi. Nawauliza swali moja tu: una majike wangapi wa kumpandishia? Kama jibu ni mmoja au hakuna, ahasiwe. Dume aliyehasiwa mapema, kati ya miezi sita na mwaka na nusu, anaishi na kundi, anafungwa jozi na yeyote, na mtoto wa shule anaweza kumwongoza. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kwa ganzi na kinga ya pepopunda. Koleo la kubania mapumbu ya ng'ombe halimfai punda, na mishipa yake ya damu huko ni minene, inahitaji kufungwa kwa uzi la sivyo anaweza kuvuja damu hadi kufa. Mimi napendelea kiangazi, Juni au Julai, nzi wakiwa wachache na ardhi kavu. Baada ya hapo natembeza mnyama kila siku ili uvimbe ushuke, na namweka mbali na majike kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba.

Jike mkubwa amezaa dume mwaka huu, mweusi mgongoni kama Meneja, na tayari anasukuma ndoo kwa kichwa. Nimeshaongea na daktari. Atahasiwa kiangazi kijacho, kabla hajaanza kumnusa mama yake.