Masaa 20 kwa wiki: nilivyoyagawa

Nilifika Leicester, Uingereza, Septemba 2024 kusoma shahada ya uzamili. Baada ya mwezi nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Kubeba boksi, kama tunavyoziita kazi za mikono za ughaibuni.

Viza ya mwanafunzi Uingereza ilinipa masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Shifti za usiku pale ni za masaa 12, kuanzia saa mbili usiku. Ukifanya mbili ushafika 24, umevunja masharti. Mshauri wa wanafunzi chuoni alinikalisha na kalenda: usiku wa Jumapili unakatika saa sita; masaa manne ya mwanzo ni ya wiki inayoisha, manane yanaingia wiki mpya. Basi nikaomba kila Jumapili usiku, yakawa 12 kila wiki. Jumamosi nikaongeza shifti fupi ya masaa manane. Ishirini kamili, yote nimeyaandika kwenye daftari.

Gharama yake ilikuwa Jumatatu. Natoka kazini saa mbili asubuhi, semina saa nne, macho mazito kama mawe. Niliomba kuhamishiwa kundi la mchana, wakakubali. Ningeomba mapema zaidi.

Novemba wenzetu waliugua na simu zikawa haziishi. Dada mmoja wa Tanga, aliyenifundisha kazi yote kwa upole, akaniambia, "Mdogo wangu, ongeza usiku mmoja tu, nani atajua?" Nikamjibu, "Dada, kila tunapolipwa mwajiri anapeleka taarifa kwa watu wa kodi." Nilimheshimu, lakini sikwenda. Ada aliyonilipia baba ilitegemea hiyo viza.

Malipo mwanzoni yalikuwa pauni 11.44 kwa saa, yaani 228.80 kwa wiki. Mshahara wa kwanza ulikatwa kodi kwa sababu sikujaza fomu ya mfanyakazi mpya. Kipato kisichozidi pauni 12,570 kwa mwaka hakikatwi kodi ya mapato, kwa hiyo nilifuatilia hadi ikarudi.

Krismasi chuo kilifunga rasmi, nikapeleka kazini barua ya tarehe za likizo na kufanya masaa 40. Nikadhani kiangazi kitakuwa hivyo hivyo. Kumbe kwa sisi wa uzamili kiangazi ni muda wa kuandika tasnifu, si likizo. Wa shahada ya kwanza walifanya kazi kutwa. Mimi nilibaki na daftari langu na masaa 20, hadi nilipokabidhi tasnifu Septemba.