Meno ya plagi yakifa, usikimbilie hedi mpya

Kuna huu mtindo mtaani, plagi ya cheche ya pikipiki ikianza kucheza kwenye hedi (kichwa cha injini) kwa sababu meno ya tundu lake yameliwa, fundi anazungushia waya mwembamba wa shaba kwenye meno, anakaza, anakwambia tayari bosi. Wengine wanapaka gundi ya chuma. Haikai hiyo, baada ya muda masizi yanajaa pembeni, mlimani nguvu hakuna, na siku plagi ikiamua kuruka inaondoka na meno yaliyobaki, halafu ndo unaambiwa ununue hedi.

Hedi ni aluminiamu, plagi ni chuma, kwenye ugomvi wowote anayeumia ni hedi. Kufungua plagi injini ikiwa ya moto, kuifunga kwa kuanza na spana badala ya vidole, hayo makosa wengi wanayajua. Lisilojulikana ni plagi fupi. Pikipiki ya Honda CG125 inataka plagi namba D8EA, meno yake urefu mm 19, sasa dukani ukipewa D8HA ya mm 12.7 itaingia vizuri tu na pikipiki itawaka, ila meno ya ndani yanabaki wazi yanashika masizi, siku ukirudisha ndefu inatafuna njia nzima.

CG ya shemeji ilishafika huko. Nikamwambia tunavua hedi kabisa, maana CG haina cheni ya taimingi ya kupanda juu, kazi sio kubwa. Wapo wanaopiga tapu (kifaa cha kuchonga meno) hedi ikiwa juu ya injini, wanajaza grisi kwenye tapu inase chenga za chuma, inawezekana, lakini chenga moja ikidondoka ndani inakuchorea silinda.

Madukani kuna seti za springi za meno, yaani waya uliojikunja unaowekwa tunduni kuwa meno mapya, hakikisha ni M12x1.25 (tundu la plagi ya mm 12), maana plagi nyingi za gari ni M14. Kwa bodaboda mimi naona bora bushi ya chuma (bomba fupi lenye meno ndani na nje), plagi inafunguliwa kila mara na springi ikilegea inatoka nayo. Bushi tulichongesha mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mkerezaji. Cha kuangalia ni tapu iende wima, ikilala hata kidogo washa (pete) ya plagi inakalia upande mmoja na upepo utavuja hata kama meno ni mazuri.

Hedi ikiwa mkononi nikaona nisiiache na ule uso wa gasketi wenye mikwaruzo, mtu alishawahi kuibandua na bisibisi. Kioo kinene, juu yake msasa 400 wenye maji, unachora hedi na maka pen kisha unaisugua taratibu kwa kuandika nane, ukigeuza upande mara kwa mara, alama zikifutika zote kwa pamoja basi uso umenyooka. Hiyo ni kwa hedi ndogo ya silinda moja jamani, hedi ya gari peleka kwenye mashine, nyingi za Toyota silinda nne zinaruhusu kupinda mm 0.05 tu, kwa kioo cha nyumbani huipati.

Kurudisha: gasketi mpya, plagi kwa vidole mpaka washa iguse, halafu spana nusu mzunguko kama ni mpya. Iliyotumika inataka kidogo sana. Mwenye toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza), 15 mpaka 20 Nm. Grisi kwenye meno sipaki, NGK wenyewe wanakataza kwa plagi zao zilizopakwa madini, inateleza unakaza kupita kiasi bila kujua. Shemeji akaona namnyima tu grisi yangu.