Faili la Baba Akinyi

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa soko la Kibuye, Kisumu, nikitafuta nyanya, nikasikia naitwa "sista" kwa nyuma. Kugeuka, ni Mama Akinyi (jina nimelibadilisha), ameketi na omena zake. Mumewe alikuwa mgonjwa wetu wa nyumbani kule Nyalenda, saratani ya umio. Alipofariki nilipiga simu ya pole, nikaandika tarehe kwenye faili, nikalifunga. Miezi mitano ilikuwa imepita.

"Sista, mlitutupa."

Mimi kujitetea ni hodari. Nikaanza hadithi ya wagonjwa wengi na gari moja. Akaniacha nimalize, akampimia mteja gorogoro moja, ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Ile dawa ya mwisho niliyompa, ndiyo ilimmaliza?"

Nyanya nilizisahau.

Kwa asiyejua: mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hunywewa kila baada ya saa nne, maana nguvu yake haikai mwilini zaidi ya hapo. Saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtegea Mama Akinyi alamu kwenye simu. Siku ya mwisho mzee hakuweza tena kumeza, nikamwelekeza kwa simu amtilie kidogo kidogo ndani ya shavu. Akafanya hivyo saa kumi na mbili jioni. Kabla ya saa moja mzee akakata roho mikononi mwake.

Sasa fikiria mtu aliyebeba hesabu hiyo miezi mitano. Na si peke yake, shemeji mmoja alishaanza kunong'ona kule Gem kwamba mzee alimalizwa na dawa ya manesi.

Tulisogea pembeni tukakalia magunia. Nikamuuliza asubuhi ya siku ile alimwonaje. Akasema miguu ilikuwa baridi tangu alfajiri, mkojo haukutoka, pumzi ilikuwa inakatika halafu inarudi. Nikamwambia basi safari ilikuwa imeanza kabla ya dozi, na dozi yenyewe ni ileile aliyoizoea kwa wiki tatu, hukuongeza hata tone. Ulichomfanyia ni kumpunguzia maumivu. Alinisikiliza, akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu aliirudia yeye mwenyewe, kwa Kijaluo, kama anayeikariri ili akamwambie mtu.

Jibu lile lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Mchungaji hakuwepo, majirani hawaijui mofini.

Kinachoniuma ni kwamba nilifundishwa. Maelezo ya huduma ya shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2002 yanataja wazi kuisaidia familia wakati wa ugonjwa na katika msiba wao pia. Kwenye mtihani nilipata alama nzuri kwa swali hilo.

Labda tunadanganywa na matanga. Matanga yetu yana watu! Hema, viti vya kukodi, harambee ya mochari na jeneza, chai ya kukesha, spika hadi alfajiri. Unaangalia unasema huyu mama hakosi mtu. Lakini wiki ile hata nafasi ya kufikiri hana, anaulizwa sukari iko wapi. Baada ya mazishi magari yanaondoka, sufuria zinarudi kwa wenyewe, na maswali ndiyo kwanza yanaingia.

Siku hizi nina daftari la pembeni. Faili likifungwa, jina linahamia huko, na baada ya watu kutawanyika nakwenda. Aliyebaki kijijini mbali nampigia, jioni, akishamaliza kazi. Naichukua mofini iliyosalia irudi kwetu, maana chupa ile haifai kubaki kabatini. Halafu nauliza, "Siku ile ilikuwaje?" na nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ulimi unataka kusema Mungu amempenda zaidi, na mimi sentensi hiyo siitaki tena, ukweli ni kwamba humsaidia anayeisema. Nikiona mtu hali wala halali wiki kwa wiki, au anasema heri amfuate marehemu, simwachi siku hiyo hiyo mpaka nimuunganishe na mshauri.

Mama Akinyi alinifungia omena, pesa akakataa. Nikiondoka nikakumbuka kumuuliza kuhusu zile alamu. Akasema nyingine amezitoa, ila ya saa nne usiku bado inalia. Nikanyosha mkono nimtolee.

"Bado, sista," akairudisha simu kifuani.