Alhamisi ya vibua 11

Saa 10 na nusu alfajiri naamka, nakuta mama kaniwahi. Kaweka shilingi 5,000 juu ya mkoba wangu. Jana kapokea Pensheni Jamii. "Sabuni ya wenzangu hiyo," anasema, kisha anarudi kwenye msala wake. Pensheni hii ya wazee wa Zanzibar waliofika miaka 70 ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na yeye akitoa 2,000. Ilipopanda hadi 50,000, naye akapandisha.

Saa 12 niko jikoni. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wazee wasio na pa kukaa, hapa mjini Unguja. Tunao 19. Uji wa mtama, chai ya rangi, boflo la kuchovya kwa wasio na meno. Hapo hapana hadithi.

Saa 2 na nusu nasikia vespa. Ni muuza samaki wetu anatoka Malindi. Hana Alhamisi ya kutuacha bila fungu, wala hajawahi kutaka shukurani. Huninginiza mfuko kwenye komeo la mlango akaondoka. Leo kasimama. "Dada, usinilaumu. Kusi limechafuka, mnadani bei haishikiki." Kaleta vibua 11.

Vibua 11, wazee 19. Ukimpa mmoja mzima na mwenziwe nusu, mchana kutakuwa na kesi. Navichemsha kwa ndimu na chumvi, navimwaga kwenye sinia, tunakaa chini mimi na mfuaji kuchambua. Mnofu unausugua baina ya vidole viwili polepole mpaka mwiba ukuchome, ndio umeupata. Mzee asiyeona vizuri hauoni. Kisha nazi mbili, bizari, nyanya, na sufuria imejaa mchuzi ambao hakuna wa kuuhesabu vipande.

Saa 5 kamili wageni. Fulana za rangi moja, bango, na sukari. Jamani, sukari! Wazee wetu saba hawaruhusiwi hata kuinusa. Ramadhani ukija hapa utadhani pana harusi: mchele, tende na sukari hadi stoo haifungi. Sasa ni mfungo tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, mchele ule umeingia fukusi na kila siku naupeta kwa ungo nusu saa, lakini pampasi za wakubwa zilikwisha Jumatatu. Hilo la pampasi hakuna anayelipigia picha. Nimesema pole pole, kwa adabu, kwamba safari nyengine wapige simu kwanza. Mkubwa wao akaitikia huku akipanga watu. Wakampa bibi mmoja pakiti aishike. Akajifunika kanga usoni. "Wanangu, mie nishapigwa picha kuliko biharusi. Kaeni basi tuzungumze." Walikuwa na haraka.

Saa 7 tumekula. Hakuna kesi.

Saa 9 alasiri anakuja kinyozi wa mtaa wa pili na begi lake, kuwatengeneza wanaume kwa ajili ya Ijumaa. Hapo mimi huacha vyombo nikasikilize. Anayekaa kwanza kwenye kiti siku zote ni mzee wetu wa Kipemba, aliyekuwa hamali Darajani. Kasukuma gari miaka 40, hakuoa, chumba cha kupanga kimoja ujana hadi uzee. Mwenye nyumba akafa, watoto wakauza, mzee akatolewa na godoro lake. Sheha ndiye aliyemleta kwetu. Kinyozi anamwuliza bei ya kubeba gunia la karafuu zamani, mzee anataja, kinyozi anambishia makusudi. Kelele! Ndevu za dakika kumi zinachukua saa nzima. Mimi naihesabu ile saa kuwa sadaka kubwa kuliko gunia lolote lililopo stoo, na kinyozi mwenyewe sidhani kama anajua kwamba ametoa kitu.

Saa 11 nimenunua sabuni ya mama dukani, miche mitatu, nimemkabidhi mfuaji. Navaa mtandio niondoke. Yule bibi wa kanga ananiita toka barazani.

"Mwanangu, mchuzi ulikuwa mzuri."

"Ahsante, bibi."

"Vichwa vya wale vibua viko wapi?"

Nikamtazama mfuaji, mfuaji akatazama kamba ya nguo. Tulishavifyonza tangu saa 4.