Nilimpigia shangazi simu kuomba nafasi, akadhani kuna msiba

Nimefika Tanga mwanzoni mwa mwezi huu, Krismasi yangu ya kwanza nyumbani baada ya miaka 6, na hata siku tatu hazijaisha nikawa nishaharibu. Nilimpigia shangazi simu. Nia njema kabisa jamani, nikamwambia shikamoo shangazi, samahani, nilikua naomba nije kwako Jumamosi kama saa kumi hivi, sijui utakua na nafasi? Kimya. Nikadhani ni mtandao. Afu nikasikia sauti imeshuka, "Mwanangu, we nambie tu. Nani?"

Nani nini shangazi?

"Nani kafa?"

Nikacheka, ndo nikazidi kuharibu maana yeye akasikia nalia. Simu ikakatwa, na nusu saa haikupita bajaji ikasimama mlangoni kwetu hapa Makorora, shangazi huyo anashuka na khanga zake, chenji hata hakusubiri. Mama yuko uani anapara samaki, hana habari ya chochote. Walipokuja kuelewana (shangazi kashapewa maji, kashakalishwa mkekani) wote wawili wakanigeukia mimi. Mama akasema, "Kwenda kwa shangazi yako mwenyewe unaomba nafasi, kwani yeye mkuu wa wilaya?"

Basi hiyo stori imeshazunguka mtaa mzima. Watoto wa jirani wakija kuokota maembe uani wanaita "hodi, tunaomba nafasi!" afu wanakimbia wanacheka.

Ngoja nijitetee kidogo. Mimi naishi Kiel, kaskazini kabisa ya Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kule rafiki humpati bila kalenda. Mwezi wa tisa mwenzangu wa kazini aliniambia lazima tunywe kahawa kabla ya Krismasi, nikamwambia poa, wikendi hii? Akatoa simu, akaperuzi, akaperuzi, tukapata Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Hiyo "mpaka" ndo iliyoniuma. Na saa kumi na moja kweli kasimama kavaa koti, tumekumbatiana, kaenda. Simlaumu, Desemba za kule wikendi zinajaa kuliko basi la kwenda Moshi. Kuna Jumapili zile nne za Majilio, sisi Waanglikana tunazo pia lakini kwetu zinakaa kanisani, kule zimehamia mezani, shada la matawi mabichi lina mishumaa minne, kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi na kuna watu walioalikwa kwa ajili hiyo, wanakula biskuti wanakunywa kahawa. Maduka Jumapili yamefungwa. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni lishazama, mwaka wa kwanza nilikua naingia shifti giza natoka giza, wiki nzima sijakiona kivuli changu. Sasa watu na hilo giza wanakimbilia soko la Krismasi katikati ya mji, mabanda ya mbao, taa kila mahali, mnasimama kwenye baridi mnakunywa divai ya moto imetiwa karafuu na mdalasini, pua zinawavuja nyote. Kikombe unakiwekea rehani, ukikirudisha unapewa hela yako.

Kikombe kule kinarudi kitupu na wote mnaridhika. Nasema hivi kwa sababu ya sahani.

Mwaka ule wa kwanza nimetoka shifti ya usiku, nikakuta mlangoni kwangu sahani imefunikwa karatasi ya fedha, na kadi ndogo ya nyota. Ndani biskuti, zingine mwezi mchanga zimenyunyiziwa sukari kama unga, zingine nyota za mdalasini zina weupe juu. Nilizila zote hapohapo kwenye korido, koti sijavua, begi begani. Nilikua sijaongea na mtu Kiswahili siku nne. Afu nikabaki na sahani. Nyeupe, ina mstari wa bluu, imemeguka kidogo ukingoni. Sasa mtoto wa Tanga unarudishaje sahani tupu? Mkono wa mama ungetoka Makorora ukanifikia. Unga ninao, tui la kopo ninalo, iliki nilienda nayo mwenyewe imefungwa kwenye soksi, nikapika visheti. Ile kuvipaka sukari kwenye sufuria ikashika moto kidogo, king'ora cha moshi kikalia, jirani wa chini akagonga, mi na upawa mkononi nasema samahani samahani. Vilivyopona nikapanga kwenye sahani nikapanda ghorofani.

Kafungua bibi mmoja wa miaka 80 na ushee, mjane. Akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, akavipokea kama mtu kapewa barua asiyojua imetoka wapi. Siku tatu baadae sahani ipo mlangoni kwangu tena, safari hii keki ya tufaha. Nikasema haya, nikapika vitumbua. Ikarudi na mayai yaliyopakwa rangi, ishakua Pasaka. Yaani yule bibi alidhani ana deni, analipa, na kila akilipa namkopesha tena. Mwaka uliofuata ndo akaniuliza uso mkavu kabisa, "Hii inaisha lini?" Nikamwambia bibi, haiishi. Akafikiri. Akasema basi niwe nakuja nanywa na chai hukohuko juu, sio kuachiana vitu mlangoni kama posta. Na mpaka leo ndo mtu pekee Kiel nzima ambaye naenda kwake bila kupiga simu.

Basi na hayo yote nimekuja huku nikijua nimeikumbuka Tanga. Nimeikumbuka, sikatai, lakini wikendi ya kwanza ilinipiga. Jumamosi nilihesabu watu 17 waliopita sebuleni, wa kwanza kaja na kitumbua mkononi saa moja asubuhi mi bado nna tongo, wa mwisho kaondoka saa nne usiku na bado akasimama mlangoni nusu saa nyingine, maana mtu wa Tanga kuaga ni kikao. Hakuna aliyepiga simu. Kila mmoja "nimepita tu kukujulia hali", na kila mmoja lazima apate kitu, chai, maandazi, juisi ya ukwaju, na joto la kaskazi hili jasho linakutoka ukiwa umekaa tu. Na ukiniuliza walikuja kusema nini siwezi kukwambia. Wanakaa. Wanauliza baridi ya huko ikoje, unaeleza, wanasema "mh". Feni inazunguka. Mtu anapita na baiskeli anasalimia kutoka barabarani bila kushuka, anajibiwa na watu sita. Nilikua nimesahau kwamba watu wanaweza kukaa pamoja bila ajenda, na nilikua nimesahau pia inavyochosha, nasema ukweli.

Jumapili ya pili nikajificha. Nimetoka kanisani, nimekula, nikamwambia mtoto wa dada akija mtu sema nimelala. Nikajifungia na simu. Nasikia hodi, nasikia mtoto anasema anko... sijui babu, mama mdogo kalala, nasikia "aah mwache apumzike", nikajua kaondoka. Saa mbili baadae natoka kwenda msalani namkuta mzee kakaa barazani, bakora kaiegemeza ukutani, katulia kabisa. Mwalimu wangu wa darasa la tatu. Kaja kwa mguu. Nilitamani ardhi ipasuke. Ye wala, kanipokea shikamoo yangu, akasema, "Nilijua tu, Ulaya mnafanya kazi usiku, mwili haujazoea." Akaniuliza Kiel ni wapi, nikamwambia mwalimu ni karibu na Eckernförde, akachangamka, "Ekenfodi! Kwenye shule!" Huku Tanga jina hilo watu wanalijua la shule, kumbe ni mji wa pwani na umefanya urafiki na Tanga tangu 1963, na kutoka kwangu ni safari fupi tu ya treni. Nikamwonyesha picha, bandari, boti, theluji kidogo. Akaiangalia sana. Akasema, "Na hawa samaki wao wanapata barafu ya bure." Tukakaa mpaka magharibi. Sikutazama saa, au niseme nilitazama mara moja tu.

Mtu pekee anayetoa nafasi kwa kalenda Tanga hii ni fundi cherehani, na yeye hazitimizi. Tumeshona sare ya Krismasi, mama, shangazi, mi, dada na wanawe, kitenge kimoja doti nne. Aliniambia njoo Alhamisi. Nimeenda Alhamisi kitenge bado kimekunjwa vilevile nilivyomwachia, juu yake kuna vitenge vya watu wengine kama mlima, na yeye anashona sare za kwaya. "Dada njoo Jumatatu, naapa." Nimeenda Jumatatu kuna mkono mmoja. Mkono tu, haujulikani wa nani. Jana kaniambia mkesha wa Krismasi saa kumi na mbili jioni, na mi kama mjinga nikaiandika kwenye simu na nikaweka alamu.

Michango siiongelei sana nitakasirika. Nimeingizwa kwenye magrupu matatu ya harusi WhatsApp, moja mpaka leo sijajua ni ya nani, na ukikaa kimya unaandikwa "tunasubiri ndugu zetu wa ughaibuni". Ndugu yenu anabadilisha wazee nepi saa tisa usiku jamani, hela haiokotwi.

Ila jioni. Jioni nikiondoka nitaililia. Kwaya inafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi kanisani kila siku saa kumi na moja, na upepo ukikaa vizuri inafika mpaka kwetu, na jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kiislamu amekaa hapo tangu mi sijazaliwa, anachambua mchele barazani anaimba nao sauti ya pili. Haikosei. Wakikosea wao anasunya. Yeye ndo anatupikia pilau ya Krismasi kila mwaka, kwa sababu mama yangu mwenyewe anakiri mkono wake wa pilau ni mzito, na sisi Idi tunapeleka mkate wa kumimina. Nilijaribu kumweleza kwamba Wajerumani wengi usiku wa tarehe 24, ndo usiku wao mkubwa, wanakula soseji na saladi ya viazi. Akaacha kuchambua. "Tupu?" Nikamwambia kuna na haradali. Akawaonea huruma kabisa, akasema labda nyama huwa wanaiweka kwa ajili ya kesho yake. Nikamwambia ndio, kesho yake kuna bata bukini. Akashusha pumzi.

Sasa kuna kopo. Siku naondoka Kiel yule bibi alishuka mwenyewe ngazi zote, ameshika reli, kaniletea kopo la bati jekundu la biskuti, akasema hizi za mama yako. Ndani kaweka karatasi kaandika kwa penseli kila kitu kilichomo, unga, siagi, lozi, mdalasini, herufi zimenyooka kama za mtoto wa shule. Ile karatasi ilisaidia maana mama jirani aliuliza kwanza kama hamna mafuta ya nguruwe, nikamsomea mstari kwa mstari, ndo akachukua nyota moja, akaivunja, akainusa. "Huyu kaweka mdalasini kwa kuogopa." Wakazimaliza wawili kwa siku mbili, mi niliambulia vumbi.

Na tangu hapo kopo limekua kesi. Liko juu ya frizi, limeoshwa, limekaushwa juani, na kila jioni linashushwa linajadiliwa. Mama alitaka kuweka samli, nikamwambia maziwa na nyama kutoka huku hawaruhusu kuingia nazo Ulaya, akasema basi wana nini hao. Shangazi kashauri korosho. Mama jirani kasimama kwenye kashata za nazi na harudi nyuma, anasema visheti huyo bibi keshavila miaka yote hiyo kwa mkono wangu mimi, na kwa mkono wake yeye mama jirani bado hajala kitu. Leo Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi wamekuna nazi tangu asubuhi, sukari imeshapimwa, iliki inatwangwa, na mi nimekaa kwenye mbuzi mguu umekufa ganzi naandika haya huku natafuta kisingizio nisikune ya nne. Watu wameingia na kutoka, sijui wangapi, sikuhesabu. Shangazi kaja tangu saa sita, kasimama mlangoni akaita kwa nguvu ili nisikie, "Hodiii, nimeleta barua ya maombi!"

Mama sasa hivi kanyanyua kichwa kwenye sufuria, ananiuliza huyo bibi ana meno, maana kashata hizi si za kumung'unya.

Nimemwambia anayo, ya kuvaa.

"Basi tuzikate ndogondogo," kasema mama jirani, na kisu keshakishika.