Karanga za Bibi

Jana jioni nilikuwa nachambua karanga kwenye ungo. Mwanangu akaziokota zile nilizozitenga pembeni, zilizosinyaa na kugeuka rangi, akauliza, "Mama, hizi si tuwape kuku?" Nikasema hapana, kwa sauti iliyomshtua. Akanitazama, akaenda zake. Nikabaki na ungo magotini, na Juni ya 2017 ikanirudia.

Nilikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nikisoma Baiolojia. Kozi ile sikuichagua kwa moyo. Nilitoka kidato cha sita na PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, chaguo la kwanza udaktari, nikapangiwa Baiolojia. Kijijini walisema nimeenda kusomea udaktari, nami sikuwasahihisha. Miaka miwili nilisoma ili nisipate sapu tu, ile mitihani ya marudio.

Mwaka wa tatu kila mmoja hutafuta mada ya utafiti. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamekufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, kwa hiyo nikachagua kuvu kwenye karanga. Nikanunua sampuli soko la Majengo na Sabasaba, kisha nikaongeza za Bibi, kutoka kwetu upande wa Kongwa, huko huko ambako Waingereza walishusha matrekta mwaka 1947 walime karanga, wakashindwa. Za Bibi niliziweka ziwe sampuli safi ya kulinganishia. Hakuna aliyenielekeza hivyo. Niliamini tu.

Nikaosha punje kwa Jiki iliyozimuliwa, nikazisuuza, nikazipanga tano tano kwenye sahani zenye agari ya viazi, chakula cha kuoteshea kuvu. Kisha kusubiri.

Siku ya tano upepo ulikuwa unapiga madirisha ya maabara tangu alfajiri, ule upepo wa Dodoma unaoleta vumbi na baridi pamoja. Nikafungua kabati. Sahani za Majengo zilikuwa na madoa hapa na pale. Za Sabasaba hivyo hivyo. Za Bibi zilikuwa zimefunikwa zote, punje kwa punje, sahani kwa sahani, kwa kijani kinachoelekea njano, kama mtu aliyemwaga unga wa mlonge. Nikasoma upya namba nilizoandika kwa kalamu chini ya sahani. Nikazisoma tena. Nikabandika kipande cha selotepu juu ya ule unga, nikakilaza kwenye slaidi na tone la rangi ya bluu, nikainamia hadubini.

Kikonyo kirefu, chembamba, kisafi. Juu yake kichwa cha duara, na kutoka kichwani vijimbegu vimechomoza pande zote kwa minyororo. Dokta, mhadhiri wetu, alikuwa ametufundisha kwamba jina la kuvu wa aina hii, Aspergillus, lilitolewa mwaka 1729 na Micheli, padri wa Kiitaliano aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, kwa kuwa aliona kinafanana na kinyunyizio cha maji ya baraka. Nimekulia kanisani, nikakiona kinyunyizio chenyewe. Kilikuwa kizuri. Hiyo ndiyo siku nilipoipenda Baiolojia, nami naona vigumu kuisema kwa sababu ya kilichofuata.

Nilikumbuka maji.

Tangu nikiwa na miaka sita, kazi yangu mkekani ilikuwa kunyunyizia karanga maji, maganda yalainike, vidole vya Bibi visichubuke wakati wa kubangua. Nzuri zilikwenda kwenye gunia la kuuza. Zilizosinyaa tulizitwanga, tukaziunga kwenye mlenda, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Babu alipenda mlenda wa karanga kuliko nyama. Alifariki 2009, tumbo limejaa maji. Hospitali walisema ini.

Nikamwita Dokta. Akainama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Nikamweleza yote, maji, mlenda, hadi Babu.

"Binti, umeona kuvu," akasema. "Sumu hujaiona. Si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu, na kazi yako haikuipima. Usiandike usichokipima."

Sikuandika. Nikahitimu, nikahangaika na barua za maombi kama wengine, na sasa napima karanga za kiwanda kidogo cha siagi ya karanga. Kikomo cha sumukuvu cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mashine inanipa namba, napokea mzigo au naukataa. Karanga alizokula Babu hazikuwahi kuwa na namba.

Likizo ile nilikwenda nyumbani. "Mbukwenyi, Bibi." Akaitikia, akanisogezea bakuli la maji kama siku zote. Nikamweleza taratibu. Akasikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya maganda.

"Na babu yako?"

"Sijui, Bibi."

Akalichukua bakuli, akamwagia maji mpapai uliokuwa karibu. Tukabangua kavu mpaka giza likaingia. Vidole vyake vilichubuka, na hakulitaja tena jambo lile hadi alipofariki. Sijui kama nilimtendea haki. Ndiye aliyekuwa akipakua ile sahani kila jioni.

Mwanangu leo nitamjibu kuhusu kuku: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa, ndivyo sumu hii ilivyojulikana. Hilo ni rahisi. Atakapouliza nilijulia wapi, ndipo sijapata pa kuanzia.